Kunde Ndiye Aliyeamka

Baba Celestine na watoto,

Kunde ale saa moja, ugali laini na omena. Mifupa ya kuku, hapana. Saa nne mtoeni akojoe. Anaogopa radi na ufagio. Viatu hutafuna vya kushoto pekee, kwa hivyo msijifanye kushangaa.

Nilikuwa nimeshafika kwa geti, nikarudi kuandika hii. Nimewapikia chai, nimewaaga mara tatu. Mnakoroma tu! Gunia la viazi vya Molo likisukumwa angalau huanguka. Nyinyi wanne hata kugeuka hamkugeuka. Mtoto wa mbwa wa miezi mitatu, tunayemlea tu mpaka apate mwenyewe, ndiye aliyeamka akanisindikiza mpaka nje kwenye baridi. Nani alimfunza adabu? Si nyinyi, maana hamna ya kugawa.

Yule mama wa Naivasha anakuja kumchukua leo saa nane. ~~Mpeni na blanketi yake.~~ Mwambieni Kunde haendi popote. Akisema hawezi kurudi mikono mitupu, achague mmoja wenu.

Mama
(na huyo atakayechaguliwa abebe blanketi, atasikia baridi huko)