Kisahani cha Baba na Changu

Alhamisi, 2 Mei

Balaa! Na nimejitakia mwenyewe. Meneja wetu mpya, Dokta Yaneth — hajatibu hata mbuzi, ila hapa Boyacá kila mwenye ofisi ni dokta — kapita dirishani kwangu akiropoka kitu kuhusu mashindano ya sikukuu ya Mtakatifu Isidro, ya tejo, ule mchezo wetu wa kurusha visahani vya chuma kwenye udongo uliotegwa baruti. Nikajibu, "Ndiyo, mama." Sisi watu wa milimani ndivyo tunavyojibu tukisemeshwa. Maana yake nimesikia, basi. Yeye ni mtu wa pwani. Kwao ndiyo ni ndiyo! Kufika mchana jina langu lipo ukutani: Edilson, timu ya benki.

Mimi! Mtoto wa Chorro Blanco, niliyekulia kati ya viazi na ng'ombe, nikarushe chuma dhidi ya kijiji changu. Dhidi ya baba.

Fredy, mlinzi wetu, alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Eti mzee wako atakulaza na ndama.

Ijumaa, 3 Mei

Nimemwambia baba wakati wa kukamua. Akakamua kwa nguvu mpaka ng'ombe akageuka kumtazama. Kisha: "Kumbe ni Bwana Benki siku hizi." Akabeba ndoo yake, akaenda zake.

Jikoni mama kanieleza. Bega la baba limekwisha. Mwezi ujao anapasuliwa, na daktari — huyu wa kweli — kasema baada ya hapo asirushe tena kitu. Kwa hiyo haya ndiyo mashindano yake ya mwisho. Na kombe hajawahi kulishika! Kila mwaka anafika fainali, kila mwaka anapigwa kwa kitu kidogo.

Nami nina langu. Nina medali za baiskeli, nina za mpira, hata za mbio za kupanda mlima. Lakini kwenye tejo sijawahi kumshinda baba. Hata mara moja. Natamani, jamani, natamani mno.

Jumanne, 7 Mei

Mazoezi kwa don Plutarco, mwenye uwanja. Dokta Yaneth karusha kisahani cha kwanza, kikatua juu ya bati. Cha pili kikagonga baruti — puu! Akajificha nyuma ya Fredy. Halafu akachungulia: "Tena! Tena!" Kesho ofisi yote itanuka baruti, najua.

Baba bado anasema nami kupitia kwa mama. "Mwambie Bwana Benki asogeze chumvi." Chumvi iko kati yetu! Mama kaisogeza, kasema amechoka kuwa posta.

Jumamosi, 11 Mei

Tumeingia fainali! Mkono ulikuwa mwepesi leo, nilichorusha kilikwenda. Na Chorro Blanco nao wameingia. Basi tena. Ni kesho.

Mezani baba kanitazama usoni. "Wewe. Ukiniachia, nitajua. Na ukiniachia, usilete sura yako tena hapa nyumbani." Kisha akanipakulia kiazi kikubwa kuliko vyote chunguni.

Jumapili, 12 Mei

Siku ya Mama. Mama kavaa kofia mpya, kakaa katikati kabisa ya mashabiki wa pande mbili, hashangilii upande wowote. Zawadi yake, kasema, ni sisi wawili kusemezana kama watu.

Ee, mchezo gani ule! Baruti zikilia, bia zikimwagika, Dokta Yaneth sauti imemkauka. Tukaenda sawa mpaka ikabaki pointi moja tu. Baba akarusha. Akalishika bega, akauma meno. Kisahani kikazama udongoni, karibu kabisa na pete ya chuma iliyofukiwa katikati, inayozungukwa na baruti. Baruti haikulia. Zamu yangu. Nikarusha — tap! — upande wa pili wa pete. Haikulia pia. Basi mwenye kisahani kilicho karibu zaidi na pete ndiye mshindi.

Tukakimbilia kuangalia — na mvua ya mawe ikashuka! Bati likanguruma, umeme ukakatika, giza tupu. Don Plutarco ndiye mwamuzi. Kafunika udongo kwa kreti la bia, kasema hapimi kitu kwa mwanga wa simu, watu wasije wakabishana mwaka mzima. Kesho ni sikukuu. Atapima baada ya misa, mbele ya wote.

Lakini mimi niliona kabla taa hazijazimika. Changu kiko karibu. Kwa upana wa kidole tu. Nimemshinda baba!

Nimefurahi mpaka usingizi hauji. Kisha nikasikia chumba cha pili: baba anashindwa kuvua poncho, lile blanketi lake la kuvaa, mama anamsaidia, anamwambia taratibu, taratibu. Furaha ikaingia maji.

Jumatatu, 13 Mei

Nimekuja uwanjani kabla ya kukamua. Kuangalia tu. Uongo! Nimekuja kukisukuma changu nyuma kidogo. Nani angejua?

Nikamkuta baba kakaa kwenye benchi, poncho mpaka kidevuni.

"Umefuata nini hapa?"

"Ng'ombe."

"Hapa kuna ng'ombe?"

"Na wewe je, baba?"

"Natoka kuchimba viazi."

Shamba letu ni udongo mweusi. Vidole vyake vina udongo wa njano, mbichi, kama huu wa uwanjani. Nikainua kreti. Cha kwake kimerudi nyuma kiganja kizima!

"Baba! Umefanya nini?"

"Ulinishinda. Niliona. Bega ndilo bovu, si macho."

"Kwa kidole kimoja tu!"

"Kidole kina ubishi, kiganja hakina. Dokta wako angesema tumempunja." Akanikazia macho. "Na wewe ulikuja kuniachia. Nilijua tu. Mjinga wewe." Lakini alikuwa anacheka. Tulicheka wote, mpaka akalishika bega.

Kisha akainuka. "Nakwenda kukojoa. Udongo ni wako. Nakuamini."

Mzee mjanja! Kengele ya misa imelia. Niko peke yangu na visahani viwili. Nirudishe chake kilipokuwa? Nisogeze changu? Niache? Naandika ili mikono iwe na kazi.

Yuko pale kwenye mkalitusi. Amemaliza zamani. Bado amenipa mgongo.