Mahari pa Kulipia

S.L.P. Mosocho,
Kisii.
Jumapili, 12 Oktoba 1975

Kaka Manasseh mpendwa,

Pokea salamu za nyumbani zote kwa pamoja, maana kila aliyeniona nimeshika kalamu amenisimamia kichwani akinionya nisimsahau. Hujambo? Wifi Kalunde hajambo? Na Nyangate mdogo, meno yameshatoka au bado anawakeshesha? Kile kikohozi ulichotuandikia kimekwisha? Mama anasema kama hakijakwisha uache kulala karibu na dirisha, hata kama huko Tabora watu wote wanalala hivyo.

Sisi hapa hatujambo, tunamshukuru Mungu. Goti la Mama bado linamsumbua mvua ikinyesha, lakini juzi nilimwona akimkimbiza mbuzi wa jirani aliyeingia kwenye sukumawiki, na mbio zile sikuona goti ndani yake. Ndizi zimezaa sana mwaka huu, mpaka migomba mingine tumeiegemezea miti. Persis, mdogo wetu, amechukuliwa katika kwaya ya kanisa na sasa hata vyombo anaviosha kwa sauti ya pili.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama kawaida ili wifi naye asome, asije akadhani namteta kwa Ekegusii. Kalamu nyekundu mlizonitumia nilizipata, asanteni sana. Tafadhali mwone kwamba leo nimeandika kalamu. Katika ile barua niliomba mniletee "karamu nyekundu ya kusahihishia", naye wifi akajibu akiuliza Wakisii wana sherehe gani yenye rangi, na jibu hilo nililisoma darasani nikacheka peke yangu mpaka watoto wakanyamaza. Ndivyo tulivyo, kaka. Ulimi wetu L na R hauzitenganishi. Shika hilo, kwa sababu habari ninayokuletea imezaliwa hapo.

Onyancha unamkumbuka, yule fundi wa kuandika mabango ya maduka hapa Mosocho. Nilikueleza wakati wa Pasaka kwamba anataka kunioa, nami nataka anioe. Baba hakutaka. Hakumchukia, la, ila alisema kijana anayechora-chora kuta za watu hana kazi, ana mchezo. Wakati huohuo kulikuwa na yule bwana wa Masimba mwenye posho mill, mashine ya kusagia unga. Watu wake walikuja kwetu kila mara na sukari, na kila walipokuja Baba alivaa viatu. Kaka, unamjua Baba na viatu. Nilikuwa nikivisikia vikilia kwenye sakafu, natokea mlango wa nyuma.

Basi likatokea tangazo. Tangu Kiswahili kiingie Bungeni, wakubwa wa tarafa yetu wametaka vibao vya Kiingereza kwenye ofisi zote za serikali viondolewe, viwekwe vipya vya Kiswahili, rangi moja na alama moja, kuanzia mlango wa Bwana D.O., mkuu wa tarafa, mpaka kwa daktari wa mifugo, mpaka zahanati, mpaka choo. Karatasi ilibandikwa ukutani ikisema kwamba ofisi "inakaribisha zabuni". Pale sokoni hakuna aliyejua zabuni ni mnyama gani. Mzee mmoja alishikilia kwamba ni zabibu, na akauliza kama watu wa kanisa letu, wasiogusa divai, wanaruhusiwa. Nilipowaeleza kwamba ni tenda tu, walikasirika kwamba ofisi haikuandika tenda tangu mwanzo.

Masharti yalikuwa hivi. Kila fundi atie bei yake katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, aitumbukize kwenye sanduku la ofisi, na alete kibao kimoja cha mfano alichokiandika kwa mkono wake. Kibao chenyewe kiwe cha dirisha la karani wa fedha. Maneno ya Kiswahili kila mmoja ajitafutie, ili waone nani anakijua na nani anakisikia tu.

Baba alipopata habari kwamba Onyancha anaomba, alisema neno lililoninyima hamu ya chakula. Alisema siku ya kufunguliwa sanduku atakwenda mwenyewe. Serikali ikisema kuchora ni kazi, naye atasema ni kazi. Isiposema, watu wa Masimba watapata jibu lao wiki hiyohiyo. Mama alijaribu kumtuliza akaambiwa ashughulike na goti.

Laiti ungekiona kibao cha Onyancha! Alikipiga msasa mpaka kikawa laini kama sabuni, akakipaka rangi ya kijani, akakiacha kikauke, akakipaka tena. Mistari aliipiga kwa uzi wenye chaki. Herufi zilikuwa nyeupe, zenye kivuli cheusi upande mmoja, ukisimama mbali unadhani zimetoka nje ya ubao. Na hakutaka kubahatisha maneno. Aliniomba kamusi yangu ya shule. Neno kulipia alijua ni la hatari, akalitafuta: kuripia hakuna, kulipia lipo. La kwanza nalo akalitafuta, akalikuta palepale lilipo, limepigwa chapa wazi kabisa, akafunga kitabu kwa furaha. Maana yake hakuisoma. Nani husoma maana ya neno analolitumia kila siku?

Kibao kikaja shuleni kusifiwa. Mwalimu mkuu alikisifu. Mchungaji Momanyi alikisifu, akasema kingefaa hata mlango wa kanisa. Nami, mwalimu wa Kiswahili wa darasa la nne, mwenye kalamu nyekundu kutoka Tabora, nilisimama mbele yake nikasoma kwa sauti: MAHARI PA KULIPIA. Nikasema hakuna kosa. Wifi, cheka sasa, nakuruhusu.

Siku ya sanduku watu walijaa barazani kama siku ya chifu. Baba alivaa koti, na vile viatu, akakaa mbele kabisa. Mimi nilisimama nyuma karibu na nguzo. Ofisa aliyeletwa kusimamia alikuwa mgeni, mtu wa Pwani, mwembamba, Kiswahili chake kinateleza chenyewe. Waombaji walikuwa watatu. Wa kwanza alitoka Kisumu, na kibao chake kilikuwa cha bati, kimeanza kupata kutu kabla ya kuajiriwa. Wa pili alikuwa Bwana Yakub Mohamednoor, yule mwenye duka la rangi mjini Kisii. Maneno yake, MALIPO HAPA, yalikuwa sawasawa, lakini herufi zilikuwa zimeinama zote upande mmoja.

Halafu kikafunuliwa cha Onyancha, na watu wakaguna kwa kupendezwa. Nilimwona Baba akisogeza shingo. Nikamwomba Mungu kimyakimya.

Ofisa alikitazama kibao. Akavua miwani, akaifuta, akakitazama tena. Kisha akaanza kucheka, kaka, kicheko cha mtu aliyejaribu kujizuia akashindwa. Akatusomea kwa sauti, akiivuta ile R, na kutueleza kwamba mahali ni pale unaposimama, na mahari ni ng'ombe wa kuolea. Kwa hiyo huyu fundi, alisema, anatuarifu kwamba mahari sasa italipiwa hapa dirishani kwa karani. Baraza lote likapasuka. Hapo ofisa, kwa mzaha tu, akanyoosha mkono akauliza, "Haya, nani hapa ana binti?"

Baba akasimama.

Kaka, mimi nilitaka ardhi inifunike. Baba alidhani anaulizwa na serikali. Alivua kofia, akajinyoosha, akajibu kwa kile Kiswahili chake cha zamani cha mashamba ya wazungu kule Nyansiongo: "Mimi iko na msichana. Rakini mimi sijakura ng'ombe ya mtu! Nani amepereka mahari yangu kwa serikari?"

Nani angecheka tena? Wengine waliziba midomo. Ofisa mwenyewe aliacha kucheka, akamwita "mzee wangu", akamwomba radhi kwa adabu, akamweleza kwamba ni kosa la herufi moja. Baba hakukaa. Alimgeukia Onyancha, ambaye jasho lilikuwa linamtiririka, akamuuliza mbele ya watu wote: "Wewe, umetumwa kuandika mahari, umeandika mahari. Kwa nini?"

Sijui hata kama unalielewa swali hilo, kaka. Kwa kinywa cha Baba maneno yote mawili ni lile moja. Lakini Onyancha alilielewa vizuri. Alitazama chini, kisha akasema, "Mzee, tangu mwaka uanze sina neno lingine kichwani. Nikishika brashi, ndilo hilo linatoka."

 Nikaona mabega ya Baba yanatikisika. Nikadhani ni hasira. Kumbe anacheka, Baba yetu, ambaye sijamwona akicheka hadharani tangu ulipopanda treni kwenda zako. Alikaa chini akicheka, akajifuta macho kwa kofia, na baraza lote likacheka pamoja naye. Mimi nililia. Naandika hivyo bila aibu.

Lakini sheria ni sheria. Ofisa alisema kibao kile hakiwezi kuwekwa kwenye dirisha la serikali, watu watamletea karani mitamba. Akatoa tenda kwa Bwana Yakub, kwa sharti kwamba herufi zake zinyooke.  Nikaanza kuwaza Masimba, na maisha yangu yote nikisikiliza posho mill.

Watu walikuwa wanaanza kutoka pale Bwana Yakub alipomfuata Onyancha kwenye ngazi. Nilikuwa karibu, nilisikia mwenyewe. Alimwambia, "Kijana, mkono kama huu mimi sina, na watu wangu wote dukani hawana. Wewe njoo uandike. Maneno niachie mimi na binti yangu Kinsi, sisi herufi hizo hatuzichanganyi." Onyancha akamshika mkono, hauachii.

Baba alisikia pia.  Alirudi ndani kwa ofisa na kumuuliza, "Sasa hii ni kazi?" Ofisa akasema, "Mzee wangu, ni kazi. Tena ngumu, umejionea." Baba akaonyesha kile kibao kilichoegemezwa ukutani, akauliza ni cha nani sasa. Akaambiwa serikali haikihitaji. Basi akakitia begani, akatoka nacho, akapita nacho katikati ya soko lote la Mosocho, maandishi yakiwa nje. Waliojua kusoma walimsalimu kwa furaha kubwa, naye akawaitikia kama mtu aliyechaguliwa.

Watu wa Masimba wamejibiwa kwa heshima, na sukari yao ya mwisho Mama ameirudisha. Alirudisha yote, ingawa Persis alisikitika.

Onyancha sasa anakwenda mjini kila asubuhi isipokuwa Sabato. Mlango wa zahanati umekwisha, na wa mifugo, na kile cha choo kimependeza mpaka watu wanasimama kukitazama kabla ya kuingia. Kinsi anasoma kila neno kabla halijapakwa rangi. Mimi namwonea wivu kidogo kwa kazi hiyo, lakini ni msichana mzuri na ameolewa.

Kile kibao unajua kiko wapi? Baba amekipigilia misumari kwenye mlango wa boma la ng'ombe. Jumanne iliyopita Onyancha alikuja na kopo la rangi na brashi ndogo, anataka kuigeuza ile R iwe L, maana inamchoma kila akipita. Baba alimfukuza. Alisema ng'ombe za mahari zitaingilia mlango huu, na hapa ndipo zinaporipiwa, kwa hiyo kibao hakina kosa hata moja. 

Sasa ombi langu, kaka, na ndilo nililochukulia kalamu. Wazee wa upande wa Onyancha wanakuja Desemba, shule zikifungwa. Baba amesema hakuna mguu wa ng'ombe utakaopita chini ya kibao hicho kabla mwanawe wa kwanza hajasimama pembeni yake. Omba ruhusa kazini. Kama reli haitaki, waambie dada yako anakuhitaji, na ni kweli. Sitaki kutoka nyumbani bila wewe kuniona nikitoka.

Nisalimie majirani zenu wema na mchungaji wenu. Mama Kwamboka anawasalimu, Baba Angwenyi anawasalimu, Persis anawaimbia. Onyancha anasema shikamoo, na anaogopa kuandika neno lingine lolote. Mungu awalinde njiani, ampe Nyangate usingizi, na atuketishe sote kwenye meza moja kabla mwaka haujaisha.

Na wewe wifi, ambaye hujafika kwetu bado: mkishuka Mosocho, kaka yangu akichelewa na mizigo, usimsubiri. Ila usimuulize mtu mahali anapokaa Angwenyi. Uliza mahari ya Angwenyi, na hata mtoto atakuleta mpaka mlangoni.

Ni mimi dada yenu, niwapendaye na kuwangoja,
Bitutu