Fungu Lako la Cetí

Arecibo, Novemba

Kwa kaka yangu mpendwa Narciso,

Pokea salamu zangu mapema. U hali gani huko Ohio na baridi yenu? Shemeji Awilda na watoto hawajambo? Mama ni mzima, na sauti yake bado inavuka mto bila daraja. Mimi mwili haujambo, ila tangu Jumapili natembea kama mtu aliyepigwa kofi na asiyemwona. Ningekupigia simu, lakini nakujua, ungecheka kabla sijafika pa kulia.

Habari ya Migdalia wa Utuado unayo. Mwanamke mwenye akili zake timamu, na bado amenipenda mimi, jambo ambalo halinishangazi hata kidogo. Mwenye shaka alikuwa baba yake, Don Obdulio. Nilipanda milimani kuposa, nikamweleza mzee kwamba nimefika Miami, New York na Panama, na Panama kwenyewe mara mbili. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama katika safari zote hizo nimewahi kutunza kitu kikaishi. Migdalia alicheka mpaka akashika ukuta. Mzee akashuka mtoni kwake, akarudi na ndoo yenye chupapiedra wawili, wale samaki wadogo wanyonyamawe, wenye kikombe tumboni cha kujibandikia kwenye jiwe maji yasiwachukue. Akasema wamebaki wachache mno. Zamani ukitia mguu mtoni ulikuwa unawakanyaga. Akaniambia nishuke nao pwani. Kama msimu wa cetí, vile visamaki vyetu vya mlangoni mwa mto, utawakuta hai, tutazungumza habari za binti. Wakifa, nisiisumbue miguu yangu kupanda tena.

Kaka, mimi nimefuga majogoo wa kupigana na nimefuga farasi aliyemng'ata polisi, lakini hawa mabwana wadogo ndio walionitia adabu. Nilinunua tangi la kioo, nikaliweka sebuleni mahali pa Mtakatifu Antonio. Mama akanuna, akasema nimemwondoa mtakatifu anayetafutia watu wachumba ili niweke samaki wa kazi hiyo hiyo. Maji ya bomba ilibidi niyalaze kwanza kwenye ndoo, dawa iishe nguvu. Nikafunga pampu kubwa maji yaende mbio, maana yakitulia walikuwa wanahema kama wazee waliopanda ngazi. Jua likikaza natumbukiza chupa ya barafu. Mawe niliyatoa mtoni na utelezi wake wa kijani, nikawa nayabadilisha, kwa kuwa Migdalia alisema chakula chao ni kulamba tu. Sikumwamini. Dume zima, limepakwa buluu kama bwana harusi, liishi kwa kulamba jiwe? Nikaona wanakonda.

Basi mwezi ulipomegeka tukashuka mlangoni mwa mto kama kila mwaka, na wavu wa marehemu Baba. Cetí wakaja kama ukungu ndani ya maji, wembamba kama sindano, unawaona mpaka mifupa. Nikachota kikombe cha walio hai, nikawamwagia wageni wangu na kuwaambia wale wanenepe. Kesho yake sikuona hata mmoja. Nikajisifu kwa Mama kwamba nilijua tu, mwanamume chakula chake ni nyama.

Siku si nyingi nikakuta kwenye kioo vidudu vyeusi vyeusi vimejibandika. Nikasogeza pua. Ni vichupapiedra! Vidogo kama kucha, na kikombe tumboni! Kaka, nilipiga yowe jirani akaja na panga. Wamezaa! Nilizunguka mji mzima nikitangaza kwamba samaki ambaye hakuna aliyewahi kumwona akizaa nyumbani kwa mtu, amezaa kwangu. Sifa zikapanda mlima kabla yangu. Jumapili Don Obdulio akashuka mwenyewe, na koti lake la kanisani, na Migdalia nyuma yake akinikonyeza.

Mzee akainama mbele ya tangi, akakaa hapo mpaka nikadhani mgongo umemkwama. Alipoinuka macho yalikuwa na maji. Akasema kijana anayeweza kuwapa uzazi hawa, yeye hana la kumnyima. Nikavimba kama chapati. Mama akaleta empanadilla zake, zile sambusa za cetí, za moto. Mzee hakuwahi kula cetí maishani, mtu wa mlima. Akala ya kwanza, ya pili, ya tatu, akisema Doña Provi, hiki ni chakula cha malaika. Mama, kwa kusifiwa, akaenda kuchukua bakuli la kioo lenye wabichi wa alfajiri ile amwonyeshe wanavyokuwa wakiwa hai. Akaliweka kando ya tangi.

Mle ndani ya bakuli, kaka, cetí mmoja alijibandika kwenye kioo. Kwa tumbo.

Nikatazama bakuli. Nikatazama tangi.  Sisi wa pwani tunawajua kwenye wavu na kwenye mafuta; wao wa mlimani wanawajua wakishakua. Hapa katikati hakuna aliyewahi kutazama. Sikuwazalisha samaki wa Don Obdulio. Nilikuwa nimewamwagia watoto wa jamaa zao, na watoto wakakua.

Mzee alikuwa na ya nne mkononi, anazungumzia tarehe ya harusi. Mimi peke yangu ndiye niliyejua. Ningefumba mdomo, mke ninaye. Unaujua mdomo wangu, haujawahi kufumbwa hata kanisani. Nikasema yote, mpaka kile kikombe nilichowachotea.

 Migdalia akashika kinywa. Mama akasema, "Don Obdulio, usinitazame kama mimi ndiye Herode! Nimewala tangu sina meno, nani aliniambia?" Mzee akakaa chini taratibu. Akasema kwa miaka amelaani bwawa linaloziba mto, joto na majirani zake kwa samaki kuisha, kumbe samaki wako huku, ndani ya unga. Akaitazama ile empanadilla muda mrefu, kisha akaimalizia, akisema aliyekaangwa hapandi mlima tena. Halafu akanigeukia: "We mpumbavu kweli. Lakini nilikuwa nishakupa binti, na bado ukasema. Mtu wa hivyo anaweza kutunza kitu."

Sharti lake ni moja. Kila tukivua, fungu moja kati ya matatu lipande mlimani likiwa hai, kwa ndoo, juu ya lile bwawa, limwagwe mtoni kwake. Nikakubali na kushika msalaba.

Sasa, kaka, mafungu unayajua kama Baba alivyoyaacha: la chungu cha Mama, langu, na lako tunalokugandishia kila Krismasi. Mama alisema la kwake lisiguswe mpaka azikwe. Langu ndilo la kulisha harusi.

Basi nililoapa kulitoa ni lako.

Usitukane mbele ya watoto. Harusi ni Januari, na nimeahidi kwamba msimamizi wangu ni wewe. Ukija nitakupandisha mlimani, utalikuta fungu lako limejibandika kwenye mawe, linalamba. Ulisalimie.

Mama anakubusu, Migdalia anakusalimu, na mzee anauliza kama una nguvu za kubeba ndoo.

Mdogo wako aliyekuibia kwa upendo,
Eleuterio