Picha Ikishatengenea

Jumatatu, 3 Novemba
Umeme umerudi jioni. Nimewasha tena hii sinema ya nyumbani aliyonitumia Trésor kwa treni kutoka Kolwezi: televisheni pana kama meza, kisanduku cha filamu, spika tano. Picha mbovu. Watu hawana pua. Mwanangu anatuma televisheni, mwenyewe haji. Tangu tumzike baba yake hajakanyaga hapa Kamina. Nina hasira.

Jumanne, 4 Novemba
Trésor amepiga simu! Kwa kawaida ni ujumbe wa Noeli, basi. Nilikuwa nimemwandikia habari ya pua. Anasema kisanduku na televisheni havielewani: kimoja kinatoa picha ndogo, kingine kinaivuta mpaka inachujuka. Eti hiyo ndiyo rezolisyo. Sawa. Spika tano, na msikilizaji mmoja.

Jumatano, 5 Novemba
Amepiga tena. Kaniongoza kwenye reglaje, mipangilio ya kisanduku, mpaka kwenye namba za rezolisyo: 480, 720, 1080. Nikachagua kubwa. Kioo kikawa cheusi ti. Nikapiga kelele.
"Mama, usiguse kitu! Ngojea, itarudia yenyewe."
Ikarudi, mbovu vilevile. Akacheka cheko la baba yake. Tukaongea hata habari za mihogo, na kikohozi chake kinachonitia wasiwasi. Nimefurahi. Basi.

Ijumaa, 7 Novemba
Leo anashuku kebo. Kisha akauliza kama nimebandua plastiki ya kioo. Sijabandua. Sitabandua. Kitu kipya hakivuliwi nguo siku ya kwanza. Akasema nitamuua kwa kicheko.
Kila jioni sasa naoga mapema, nakaa na simu mapajani kama mchumba. Aibu gani hii, na mvi zangu zote.

Jumamosi, 8 Novemba
Balaa. Kasongo, jirani yangu fundi redio, kaona picha kupitia dirisha, kaingia bila kuitwa. Kabadilisha kebo, kachagua 1080, kabandua na plastiki yangu. Chai yake haijapoa, kazi imekwisha.
"Sasa hii njo sinema, mama!"
Picha safi. Naona hata jasho la mtangazaji. Nilimshukuru kwa mdomo tu. Nikamtumia Trésor picha ya kioo. Kajibu kwa dole gumba. Hata neno moja hakuandika.

Jumatano, 12 Novemba
Simu kimya. Jana kimya. Juzi kimya. Nikimpigia mimi, eti yuko kazini, atanipigia baadaye. Hapigi.
Naangalia watu wazuri, unywele kwa unywele. Wananichosha. Heri wale wasio na pua.

Ijumaa, 14 Novemba
Mvua tangu asubuhi. Nimeingia kwenye reglaje mwenyewe. Njia yote naijua, alinifundisha vizuri. Nikaiacha 1080, nikachagua 480. Pua zikapotea. Nikamwandikia: picha imeharibika tena.
Simu ililia kabla sijakaa.
"Mama, iko namna gani?"
"Iko mubaya, mwanangu. Mubaya sana."
Akaniambia bonyeza hapa, bonyeza pale. Nilibonyeza hewa. Kila mara nikasema bado. Mwishowe nikamsikia akikohoa.
"Mama, miye siko na haraka. Tutaendelea kesho."
Nikasema sawa, kesho. Kisha akaniuliza nimekula nini, nikamwambia bukari, ugali wetu, na samaki wa Bukama, akasema ana hamu navyo.
Televisheni nimeizima. Simu inachajiwa. Mvua bado inanyesha.