Nyumba ya Kulinganisha

Ilemela, Mwanza
Jumatano, 3 Septemba 1975. Asubuhi mawingu mepesi, upepo kutoka ziwani.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na kwamba mihogo imeshika. Mimi ni mzima, ila kazi imenizidi.

Serikali inapanga ni mambo gani ya bahari na maziwa yetu wataalamu wayachunguze kwanza, na safari hii wananchi wataulizwa. Kila kijiji cha ufukweni kitaitisha mkutano, kitataja mambo matatu, na fomu itarudi ofisini kwetu. Mimi ndiye karani wa kuhesabu. Jambo litakalotajwa na vijiji vitano au zaidi litapelekwa Dar es Salaam. Mwisho ni tarehe 31 Oktoba.

Nimekumbuka ulichoniambia Pasaka, kwamba mwaka jana, mlipohamishiwa Nyabusenyi na serikali, mwezi wa kumi maji ya ghuba yaligeuka kijani, mbuzi wakafa na watoto wakaugua. Simama mkutanoni ulisema hilo. Likikubaliwa, mashua ya wataalamu itakuja kuyapima.

Mwanao,
Adventina

*

Nyabusenyi
14 Septemba 1975

Mwanangu Adventina,

Marahaba. Goti ni lile lile, mihogo imeshika. Naona hata barua ya shangazi yako unaianza kwa hali ya hewa kama mtangazaji wa redio. Basi hapa jua kali.

Mkutano ulikuwa Alhamisi. Mwenyekiti Shimba alisoma fomu yako vizuri, lakini watu walielewa kwamba kitakachoandikwa ndicho kitakacholetwa. Wakaomba nyavu. Wakaomba mashine za mitumbwi, na mamba wauawe. Suzana akaomba cherehani, na alipoambiwa kwamba hao ni wataalamu wa ziwa, akajibu kuwa hata wao suruali zao zinachanika.

Nilisimama nikasema habari ya maji. Shimba akaniuliza, "Mama Josepha, hapa tulipangiwa na serikali. Unataka niandike kwamba serikali imetupanga kwenye sumu?" Nikamwambia aandike kwamba tunauliza tu. Hakuandika. Fomu imekwenda na nyavu, mashine na mamba.

Mwezi wa kumi umekaribia. Liandike wewe huko.

Shangazi yako,
Josepha

*

Ilemela, Mwanza
Alhamisi, 25 Septemba 1975. Asubuhi ukungu, hakuna upepo.

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikacheka, kisha nikaisoma tena.

Siwezi kuliandika. Jambo lisilo na mkutano wa kijiji halihesabiwi, na kanuni hiyo niliitunga mimi mwenyewe. Vijiji vingine vya ghuba yenu navyo vimeandika nyavu. Mpaka leo nyavu zina vijiji arobaini na kimoja. Maji hayana hata kimoja.

Nimemwuliza mkuu wangu, Bwana Mutayoba. Amesema barua ya mwananchi inaweza kuambatishwa kama ina uchunguzi ndani yake. Kwa hiyo tafuta daftari. Kila siku andika tarehe, rangi ya maji, nani amekunywa maji ya wapi, nani ameumwa. Na ni lazima pawe na nyumba zinazokunywa maji ya ziwa na nyingine zinazokunywa maji tofauti, ili tuweze kulinganisha. Bila hivyo watasema ni malaria au chakula.

Chemsheni maji, tafadhali.

Mwanao,
Adventina

*

Nyabusenyi
12 Oktoba 1975

Mwanangu,

Marahaba. Daftari ninalo, nilimnyang'anya Dorotea jirani yangu lile alilofundishiwa kisomo cha watu wazima. Nakunakilia.

Tarehe 4, maji ya kawaida. Tarehe 6, utando wa kijani ufukweni, mzito kama rangi ya mlango. Tarehe 7, harufu. Mbuzi wawili wa Kashindye wamekunywa asubuhi, jioni wamekufa. Mtoto wa Dorotea anatapika. Watoto watano wanaharisha, wote wa nyumba zinazochota ufukweni.

Tarehe hiyo nilipita nyumba kwa nyumba. Wengine walinicheka, wakasema Mhaya huyu amekosa ndizi za kwao, sasa anaogopa maji. Lakini wanawake tulikwenda na majembe kwenye mchanga wa mto mkavu, mbali kidogo, tukachimba mpaka maji yakatoka. Ni machache ila ni safi. Tarehe 10 mtoto wa Dorotea alikula uji akauomba tena. Sasa majirani wote wa mstari wetu, nyumba kumi na moja, wanachota huko, na mke wa Shimba anachota alfajiri asionekane.

Hapo ndipo nilipokwama. Wote wakishahama, nani atabaki wa kulinganishwa? Nilifikiri siku nzima. Wenzangu wana watoto. Mimi tangu mume wangu Mzee Maige afariki niko peke yangu. Kwa hiyo nyumba ya kulinganisha ni yangu. Tangu tarehe 9 nakunywa ya ziwa, vikombe vinne kwa siku. Nachemsha kama ulivyosema, lakini harufu haitoki.

Mpaka leo ni tumbo tu.

Shangazi yako,
Josepha

*

Mwanza
Jumanne, 21 Oktoba 1975. Mvua tangu alfajiri.

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imechukua siku tisa, nimeipata saa hii. Nakuomba uache leo. Sikukuagiza hivyo. Nilikuwa na maana ya kutazama nyumba zilizopo, si kuweka mtu. Kuchemsha hakusaidii, Bwana Mutayoba amenithibitishia.

Ulichoandika kinatosha, nakiambatisha. Barua hii nampa Antoni wa lori la pamba, haipiti posta.

Acha, shangazi.

Mwanao,
Adventina

*

Nyabusenyi
28 Oktoba 1975

Mwanangu Adventina,

Marahaba. Lori lilikwama tope, Antoni amefika juzi jioni. Nimekutii. Tarehe 26 ndiyo siku yangu ya mwisho, jumla siku kumi na nane. Macho yamekuwa manjano na mkono unatetemeka, utaona kwenye maandishi. Nikisimama naona giza. Nimeyaandika yote, na daftari nakuletea kwa Antoni pamoja na barua hii.

Usihuzunike kuhusu kipimo, hakijakatika. Baada ya mbuzi wanane kufa, na binti yake kuugua, Shimba alikuja mwenyewe kuniomba radhi. Aliitisha mkutano. Alisema kijiji kimekosa, na kama ofisi ya Mwanza inahitaji nyumba ya kulinganisha, si haki aibebe mjane mmoja. Watu walipiga makofi. Tumepanga zamu kama zile za shamba la kijiji, siku kumi kila mtu, tukianza na wasio na watoto wadogo. Jirani yetu Wilhelmina ameanza jana. Atamfuata Suzana.

Niliwaambia umeandika tuache. Shimba akasema, "Amekuonea huruma wewe kwa kuwa ni shangazi yake. Kazi ya taifa ni kazi ya taifa." Sikuwa na nguvu ya kubishana.

Waambie huko kwamba Nyabusenyi sasa iko pamoja.

Shangazi yako,
Josepha

*

Nyabusenyi
Jumatatu, 3 Novemba 1975. Asubuhi shwari, jua, maji kijani mpaka kwenye mawe.

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka kijijini kwako. Nilifika jana, nikaambiwa Antoni alikuchukua Jumamosi kukupeleka hospitali, kumbe tumepishana njiani. Dorotea anasema ulikuwa umeanza kutojua majina ya watu. Antoni anarudi huko leo saa tisa na barua hii. Kama huwezi kusoma, atakusomea. Jibu hata kwa neno moja.

Ijumaa niliingiza maji ya ghuba kwenye orodha mimi mwenyewe. Bwana Mutayoba aliuliza vijiji vingapi. Nikasema hakuna, yupo mtu mmoja. Alisoma daftari lako lote, kisha akaliweka jambo letu la mwisho, la kumi na tisa. Mashua itakuja baada ya bajeti ya Juni. Juni maji yatakuwa meupe.

Jana niliwakusanya watu nikawaeleza ukweli huo, nikidhani utawatoa kwenye zamu. Shimba alihesabu kwa vidole, bila ubaya wowote usoni. Akaniuliza, "Kwa hiyo tuendelee mpaka Juni?"

Nikasema hapana. Nikasema barua ile niliiandika vibaya, ofisi haihitaji mtu yeyote anywe, wote wachote mchangani. Walinisikiliza kwa heshima. Walinipa kigoda. Shimba aliahidi watalizungumza kwenye mkutano wa Alhamisi, kwa kuwa lililoamuliwa na mkutano haliwezi kufutwa na mtu mmoja, hata akitoka Mwanza.

Nilimfuata Wilhelmina kwake. Anatapika, macho yake ni manjano. Nilipomsihi alisema, "Josepha amefika kumi na nane. Mimi siku ya saba niseme nimechoka?" Tangu hapo nimekaa mlangoni kwake, sijaondoka. Asubuhi hii niliona Suzana akipita na debe kutoka ziwani. Zamu yake haijafika, lakini anasema anauzoeza mwili, asije akaitwa mwoga.

Nitabaki mpaka Alhamisi. Usingizi ulinichukua saa nne asubuhi, nimekaa mlangoni, mtungi wa Wilhelmina nimeukumbatia mtupu, asiende kuchota. Nilipoamka saa sita ulikuwa bado mikononi mwangu, umejaa maji ya ziwa.

Mwanao,
Adventina