Wimbo Uliopigwa Harusini

Jetpur

Kaka Bhupat,

Hatujambo. Achari ya ndimu imekolea, chupa yako nimekuwekea.

Jana bendi ya harusi kwa jirani ilipiga wimbo ulioitungia filamu mpya. Wasichana wakaunda duara, wakacheza. Mama akanishika mkono: "Kanchan, nani amekufa?"

Kaka, huna haya? Ndio wimbo Mama aliomlilia mdogo wetu Dinkar siku ya msiba! Umeuongezea ngoma tu, basi?

Mama akaingia duarani, akawa anajipiga kifua kama tufanyavyo matangani, machozi yanamtiririka. Wasichana wakadhani bibi anacheza. Wakampigia vigelegele, nao wakajipiga vifua huku wakicheka.

Leo mtaa mzima unaucheza hivyo hivyo. Hongera, kaka.

Dada yako,
Kanchan