Refa Mwenye Meno Mawili

Jumapili, 2 Machi

Nisamehe, daftari. Miezi saba sijakufungua. Ukurasa wa mwisho niliandika: "Tumbo limekuwa kubwa, nikisimama siuoni mstari wa uwanja." Kisha akazaliwa Phenyo, na tangu siku hiyo mikono yangu si yangu. Leo nimekukuta chini ya kigodoro chake, umelowa kona moja. Sitauliza umelowa nini.

Naandika kwa sababu kuna jambo.

Asubuhi mama alikuwa anakoroga uji wa mtama, redio iko juu ya kabati. Wakaanza kusoma majina ya wanaowania tuzo za michezo za taifa. Mkimbiaji bora. Timu bora. Sikuwa nasikiliza sana, nilikuwa namtoa Phenyo kamba ya filimbi mdomoni. Ndipo nikasikia: mwamuzi bora wa kike, netiboli. Majina matatu. La tatu — Bi Phenyo Moatlhodi, wa Mahalapye.

Mama akapiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakaitikia. Kisha akaikazia macho redio, mwiko bado uko hewani.

"Phenyo yupi?"

Tukageuka wote wawili kumtazama. Ana meno mawili. Alikuwa ameng'ang'ania filimbi yangu.

Miaka sita nimekimbia pembeni mwa uwanja juani, nimetukanwa na vijiji vinne, nimempulizia faulo binamu yangu wa damu. Na anayewania tuzo ya mwamuzi wa kike ni mwanangu. Wa kiume.

Tungecheka tu na kula uji, lakini kuna Lusaka. Atakayeshinda anapelekwa huko mwezi wa tano kufanya mtihani wa waamuzi wa kanda. Ukifaulu unachezesha mechi za nchi na nchi. Nimeutaka mtihani huo kabla ya kumtaka Phenyo. Nimesema kabla, sijasema kuliko.

Jumatatu, 3 Machi

Nimekwenda kwa mzee wetu, Rre Gaolathe, katibu wa chama chetu cha netiboli. Yeye ndiye aliyejaza fomu. Nimemkuta amekaa barazani anapiga viatu rangi, kofia kichwani.

"Hongera, MmaPhenyo. Nimesikia redioni."

"Rre, wamesoma jina la mtoto."

"Mimi niliandika MmaPhenyo. Moatlhodi. Nakala ninayo."

"Basi watu wa tuzo kule Gaborone wamedhani ile Mma ni Bi, si mama wa Phenyo. Wameitoa wakaweka Bi yao. Kimebaki Phenyo."

"Hilo ni kosa la Gaborone," akasema, akatemea kiatu mate akaendelea kusugua.

Nikamuuliza kwa nini hakuandika jina langu mimi. Akanitazama kana kwamba nimemwambia avue suruali. "Mwanamke ana mtoto, nimwite jina lake la kuzaliwa kama binti ninayemtuma dukani? Halafu mimi nilikuja kuuliza, mwanangu. Usinionee."

Ni kweli alikuja. Ilikuwa Oktoba, miezi mitatu yangu ya kukaa ndani na mtoto haijaisha, gogo limelazwa langoni na mwanamume havuki. Akasimama barabarani akapaza sauti: huyu refa wetu naandika nani? Mama akamjibu kwa sauti kutoka jikoni: MmaPhenyo amelala! Rre akaandika alichosikia. Nashukuru hakuandika na Amelala.

Mama ameitwa MmaOna tangu siku niliyozaliwa. Kwa hiyo jina langu analo yeye, nami nina la mwanangu. Onalenna mwenyewe yuko kwenye kitambulisho, na kwenye cheti cha uamuzi kilichotundikwa ukutani, basi. Sijawahi kulalamika. MmaPhenyo nalipenda, nililitolea jasho saa kumi na tisa. Ila sikujua ukilivaa lile, hili linapotea kabisa.

Jumatano, 5 Machi

Nimepiga simu Gaborone, ofisi ya tuzo, saa ya chakula cha mchana. Nimejificha nyuma ya mabati, kwenye duka la vifaa vya ujenzi ninakouza. Mama alikuwa ameniletea Phenyo anyonye.

Dada mmoja akapokea. Sauti nzuri, kama ya kwenye benki.

"Naomba kuzungumza na Bi Phenyo mwenyewe."

"Yuko hapa, ananyonya."

"Nitasubiri amalize."

Nikaeleza. Nikaeleza tena. Akasema yeye anafuata orodha, na orodha inasema Phenyo, na hawezi kupokea maelekezo kuhusu Phenyo kutoka kwa mtu mwingine. Nikaona isiwe tabu. Nikaweka simu kwenye mdomo wa mwanangu. Akasema bababababa, akapiga chafya.

"Dada, umemsikia?"

"Nimemsikia. Amekasirika?"

Nikamwambia nina cheti cha uamuzi cha miaka sita, daraja la kwanza. Akauliza kina jina gani. Onalenna. Akapekua karatasi zake. "Onalenna hajateuliwa, mma."

Mwisho akalegea. Anataka barua ya chama, kiapo cha polisi, na cheti cha kuzaliwa cha Phenyo. Kwa ufupi, nipeleke ushahidi kwamba mwanangu si mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Mji mzima unajua. Dukani hawanunui misumari, wanakuja kunitazama. Mzee mmoja aliyefuata saruji anasema, "Mwambie refa atoke nyuma anipimie kilo mbili." Boitumelo, mfungaji wa timu yetu, niliyemtoa uwanjani mwaka juzi kwa mdomo wake, alikuja na wenzake watatu. "Sasa nimeelewa zile faulo. Kumbe alikuwa anapuliza mtoto."

Nikamwambia mtoto angekuonea huruma, mimi sikuonei. Akacheka, akanunua boliti moja kwa aibu.

RraPhenyo amepiga simu kutoka mgodini. Amewatangazia kwenye bweni lao kwamba ndiye baba wa mwamuzi bora. Nikamuuliza mwamuzi yupi. Akasema, "Yeyote. Wote wangu." Nilitaka kukasirika, nikashindwa.

Polisi nilienda jioni. Askari kijana, anaandika polepole, ulimi nje. Akanisomea nirudie: Mimi, Onalenna Moatlhodi, naapa kwamba mimi si Phenyo Moatlhodi. Akasimamisha kalamu. "Yeye Phenyo naye haapi kwamba si wewe?"

"Afande, hajui kukaa bila kuegemezwa."

Akaandika hilo pia.

Jumamosi, 8 Machi

Nimechezesha mechi. Ya kwanza tangu nijifungue. Magoti yanalia kama bawaba.

Sikujua jambo moja. Phenyo amezoea filimbi. Nyumbani nampulizia kidogo ili atulie. Leo kila nikipuliza faulo, anatoa sauti kule pembeni mgongoni mwa mama, na mimi maziwa yanatoka. Robo ya tatu fulana ilikuwa imelowa mpaka kiunoni. Wachezaji wakaanza kupunguza faulo kwa heshima. Mechi safi kuliko zote nilizowahi kuchezesha.

Dakika ya mwisho, sare, Boitumelo akahamisha mguu na mpira mkononi, jambo ambalo netiboli hairuhusu. Kidogo tu. Timu ya nyumbani, mbele ya mji mzima ambao wiki nzima umenicheka. Nikapuliza, mpira ukaenda kwa wageni. Tukafungwa kwa goli moja.

Waliguna wote. Boitumelo akanipita akasema pembeni bila kunitazama, "Nilihama. Nenda Lusaka bwana, utuondokee."

Rre Gaolathe alikuwa kwenye kiti chake cha kukunja. Barua bado hajaandika. Anasema akiandika barua ya kosa, ataonekana alikosea.

Jumanne, 11 Machi

Amekuja mwenyewe. Lango liko wazi siku hizi, lakini alisimama palepale kama Oktoba, mpaka mama akamwambia Rre ingia, gogo tulishalipikia maharage.

Ameleta barua. Akaisoma kwa sauti, amesimama:

"Mimi, katibu kwa miaka ishirini na mmoja, sijakosea. Hata hivyo ikumbukwe kwamba Phenyo ni mtoto mchanga wa miezi saba, asiye na meno ya kutosha wala ujuzi wowote wa kanuni za netiboli. Mwamuzi ni mama yake mzazi, ambaye anaitwa..."

Hapo akaishia. Palikuwa na nafasi nyeupe. Akavua kofia. Sijawahi kumwona bila kofia, ana kovu dogo juu ya sikio.

"Ona najua. Lakini ni Ona gani? Kuna Onalethata, kuna Onkabetse. Nisibahatishe tena."

"Onalenna, Rre."

Akalirudia chini chini, mara moja, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake. Akaandika. Akavaa kofia. Akasema chai yenyewe hanywi, akanywa vikombe viwili, na akiondoka akasema, "Usiku mwema, MmaPhenyo." Tumerudi tulipokuwa. Lakini alilisema. Mama naye alisikia, alikuwa anajifuta macho kwa kanga ya mtoto, anasema ni moshi. Jiko lilikuwa limezimwa.

Ijumaa, 14 Machi

Gaborone. Hosteli ya wageni wa tuzo. Phenyo ametapika mara mbili njiani, mara moja juu ya mzee mwenye suti. Mzee akauliza jina la mtoto. Basi mpaka tunashuka akaniita MmaPhenyo, pole MmaPhenyo, usijali MmaPhenyo. Watu wema. Ndiyo shida yao.

Karatasi zote ninazo, kwenye mfuko wa plastiki: barua, kiapo, cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki ya Phenyo na chanjo zake zote. Kesho asubuhi nazipeleka. Nalala.

Jumamosi, 15 Machi

Saa mbili asubuhi. Niko sakafuni kwenye korido ya ofisi yao, Phenyo amelala miguuni, naandika juu ya paja.

Nilimpata yule dada wa simu. Kumbe mdogo, ana mimba ya miezi mitano hivi. Akapokea karatasi kwa mikono miwili, akasoma zote, akapiga muhuri. Akasema kila kitu kimekamilika, mma, tunashukuru kwa kufuata utaratibu. Akanipa beji mbili.

Ya kwanza: PHENYO MOATLHODI — ANAWANIA TUZO.

Ya pili: ONALENNA MOATLHODI — MLEZI WA ANAYEWANIA TUZO.

Nikamuuliza ni nini hii. Akanieleza kwa upole. Barua imethibitisha kwamba Phenyo ni mtoto mchanga. Kiapo kimethibitisha kwamba mimi si yeye. Na kwa kanuni zao, anayewania tuzo akiwa chini ya miaka kumi na minane lazima aje na mlezi. Wameniwekea kiti karibu naye.

Sikupiga kelele. Nilitaka filimbi tu, ningempulizia pale pale. Nikamwambia: dada, soma mstari wa mwisho wa barua. Akausoma. Akausoma tena, kidole juu ya jina. Akaona. Akaweka mkono kwenye tumbo lake, sijui alifikiri nini.

"Mimi nitaitwa MmaNani sijui," akasema.

Halafu akasema anaweza kubadilisha. Orodha inakwenda kwa mtangazaji saa tisa alasiri. Lakini anahitaji kitambulisho changu. Chenyewe, si picha ya simu. Nikafungua mfuko. Chanjo za mtoto, kuzaliwa kwa mtoto, uzito wa mtoto mwezi hadi mwezi. Changu hakuna hata kimoja. Kitambulisho kilibaki nyumbani tangu siku ya polisi, na cheti changu bado kiko ukutani.

Basi la Mahalapye linaondoka saa nne, saa saba liko hapa. Mama simu haioni vizuri, itabidi nimpigie Rre Gaolathe aende nyumbani akusanye, ampe dereva. Naandika kwanza nisisahau kitu nikianza kuongea:

Kitambulisho. Kiko kwenye kopo la biskuti, chini ya vifungo, si lile la nyuzi.

Cheti changu ukutani. Akitoe na fremu yake, asianze kukibandua.

Filimbi nyeusi. Ile ya bluu ina alama za meno.

Kiatu cha kushoto cha vile vyeusi, kiko nyuma ya mlango. Nimekuja na cha kulia tu.

Fulana kavu, mbili.

Suruali safi ya Phenyo, ya kitambaa kizuri, kwa sababu mmoja wetu atapanda jukwaani leo na bado sijui nani.

Na bahasha. Kule stendi wanakabidhi mzigo kwa kusoma jina na kutazama mtu. Aandike ONALENNA MOATLHODI, kwa herufi kubwa. Najua ataona vibaya, najua atavua kofia kwanza. Avue. Lakini asiandike Mma, hata ndogo pembeni.